Kocha Aliuliza Kamba, Hakuuliza Wimbo

Ujumbe wa kocha ulikuja faragha, nje ya kundi la WhatsApp la wazazi. Timu ya watoto wa chini ya miaka 12, katika mji mmoja wa katikati ya England, ilikuwa imeletewa kamba za viatu za rangi za upinde wa mvua, na kocha alitaka kujua kama familia ya mwandishi wa safu hii ina pingamizi lolote mtoto wao akizivaa, "kwa kuzingatia utamaduni wenu". Wazazi wengine hawakuulizwa. Watoto wao walizikuta tu ndani ya begi la jezi.

Mwandishi alijibu kwamba hakuna neno, zivaliwe. Mtoto akavaa moja, maana ya pili alishaipoteza kabla ya Jumamosi, kama anavyopoteza soksi, chupa za maji na funguo za nyumba. Lakini swali lile liliendelea kukwaruza. Muda si mrefu kabla ya hapo, kocha huyohuyo aliwapeleka vijana kutazama mechi ambayo Chelsea walikuwa wageni, na jukwaa lilipowaanzishia Chelsea wimbo wao, kocha aliuimba kwa sauti nzuri kuliko anayoitumia mazoezini. Bahati mbaya, mtoto wa mwandishi ni mnazi wa Chelsea. Akamgeukia baba yake kuuliza ule wimbo unasemaje.

Unasema hivi: watu wa Chelsea ni makahaba wa kiume, wanaojiuza kwa wanaume wenzao. Ni wimbo mfupi, wa zamani, unaojulikana karibu kila uwanja wa England. Anayeuimba hahitaji kumchukia mtu yeyote. Anauimba kwa sababu bia imeshashuka, kwa sababu maelfu ya wenzake wanauimba, na kwa sababu Chelsea wamepata kona.

Mgeni huchukua muda kuielewa tabia hii ya Waingereza. Majukwaa yao mengi hayana ngoma wala kiongozi wa wimbo. Mtu mmoja kwenye kona anaanza, safu mbili zinadaka, na kufumba na kufumbua uwanja mzima unaimba maneno ya matusi kwa tuni ya kanisani. Watu hawa ambao ndani ya treni hawawezi kumwambia jirani kwamba amewakanyaga, wakishaingia uwanjani wana hazina nzima ya nyimbo, na kila mji una lake la kuchomwa nalo. Liverpool huimbiwa umaskini. Brighton, kwa kuwa ni mji unaofahamika sana kwa jamii yake ya mashoga, mashabiki wake wote huimbiwa kama mashoga, awe fundi bomba mwenye mke na wajukuu watano au la. Huulizwa kwa wimbo kama wapenzi wao wa kiume wana habari kwamba wako uwanjani. Watu wa Brighton nao walitunga majibu yao, ya kuwaambia wageni kwamba kwa sura zile hakuna shoga ambaye angewataka. Ukilalamika, utaambiwa huu ni utani tu, na wewe huna ucheshi.

Sheria ilichelewa kuuona utani huo. Sheria ya makosa ya soka ya mwaka 1991, inayotumika England na Wales, ilipiga marufuku nyimbo za kibaguzi na kutaja wazi rangi, utaifa na asili ya mtu. Mapenzi ya jinsia moja haikuyataja. Ni Januari 2022 tu ambapo waendesha mashtaka wa serikali walitamka bayana kwamba wimbo wa Chelsea ni kosa la chuki, na Chama cha Soka, FA, kikafuata kwa kuanza kuzishtaki klabu zenyewe. Wolves walitozwa faini ya pauni 100,000 kwa nyimbo za mashabiki wao katika mechi na Chelsea ya Aprili 2023.

Hapo ndipo panapomchanganya mtu. Ukiwauliza mashabiki mmojammoja, majibu ni mazuri mno. Watafiti Ellis Cashmore na Jamie Cleland walichapisha mwaka 2012 uchunguzi uliohusisha mashabiki wapatao 3,500, na asilimia 93 walisema chuki dhidi ya mashoga haina nafasi katika soka. Wengi walizitupia lawama klabu na mawakala kwamba ndio wanaowaficha wachezaji. Mashabiki wenyewe wakasema wao wanachojali ni kama mtu anafunga. Mwandishi hadhani walidanganya. Kocha naye angeulizwa angekuwa ndani ya hao 93, na angerudi jukwaani Jumamosi kuimba. Mtu peke yake ana dhamiri, lakini jukwaa lina tuni.

Tangu Ligi Kuu ya England ianze kwa jina hilo mwaka 1992, hakuna mchezaji wa kiume aliyewahi kujitangaza kuwa shoga akiwa bado anaicheza. Thomas Hitzlsperger, aliyepita Aston Villa, West Ham na Everton na kuichezea Ujerumani mara 52, alisema Januari 2014, baada ya kutundika daluga. Robbie Rogers, Mmarekani aliyekuwa Leeds, alijitangaza Februari 2013 na kustaafu papo hapo, akiwa na miaka 25. Miezi michache baadaye akarudi dimbani, ila kwao Marekani, na LA Galaxy, akatwaa nao ubingwa wa 2014.

Mwanasoka wa kwanza wa kulipwa kujitangaza akiwa bado anacheza alikuwa mtoto wa Mwafrika, na hili kocha wa kamba pengine halijui. Justin Fashanu alizaliwa London mwaka 1961, baba Mnigeria na mama wa Guyana, akalelewa na wazazi walezi Waingereza huko Norfolk pamoja na mdogo wake John. Februari 1980, Norwich wakiwakaribisha Liverpool uwanja wa Carrow Road, aliupokea mpira nje ya boksi akiwa ameipa goli mgongo. Akaubetua kwa mguu wa kulia, akageuka, na kabla haujagusa nyasi akauchapa kwa wa kushoto. Ukapinda hadi kona ya juu. Akainua kidole kimoja, basi, kama mtu anayeita teksi. Norwich walilala 5-3, lakini BBC ikalichagua kuwa goli bora la msimu. Mwaka 1981 Nottingham Forest wakamnunua kwa pauni milioni 1, mchezaji mweusi wa kwanza Mwingereza kufikia bei hiyo.

Brian Clough, kocha wake pale Forest, alisikia kwamba kijana anaonekana kwenye kumbi za mashoga. Akamfungia mazoezi, na Fashanu alipokuja hata hivyo, polisi wakaitwa kumtoa. Mwaka uliofuata akauzwa Notts County kwa pauni 150,000. Oktoba 1990 alijitangaza kupitia gazeti la The Sun. Majukwaa yalimwimbia wanachojua kuimba, lakini pigo lingine lilitoka ndani ya nyumba: John, wakati huo mshambuliaji maarufu wa Wimbledon, alimweleza kama mtu wa kutengwa, na alisema hayo kwenye The Voice, gazeti la watu weusi wa Uingereza. Kwa hiyo ndiyo, na sisi tumo. Mwandishi hajasema hatumo. Justin alijiua London, Mei 1998, akiwa na miaka 37.

Ilipita zaidi ya miaka 30 tangu tangazo la Justin ndipo mwanasoka mwingine wa kulipwa wa kiume nchini humo akajitangaza akiwa anacheza. Jake Daniels wa Blackpool alikuwa na miaka 17, Mei 2022, na siku chache tu zilikuwa zimepita tangu aingie kikosi cha kwanza kwa mara ya kwanza, akitokea benchi. Waziri Mkuu alimpongeza. Mwanamfalme William alimpongeza. Kijana mwenye dakika chache za soka la wakubwa akajikuta anajulikana kuliko nahodha wake, na huenda sherehe hiyo nayo iliwatisha wengine. Mchezaji wa kawaida hutaka azungumzwe kwa krosi zake.

Kamba zenyewe zilianza mwaka 2013 kwa kampeni ya Stonewall, shirika la kutetea haki za mashoga, kisha Ligi Kuu ikaungana nayo kuanzia 2017 hadi 2025. Desemba 2024 mjadala ulilipuka pale Marc Guéhi, wakati huo nahodha wa Crystal Palace, aliyezaliwa Abidjan, mtoto wa mchungaji, alipoandika juu ya kitambaa cha upinde wa mvua kwamba anampenda Yesu. Sam Morsy, wakati huo wa Ipswich, Mwislamu aliyeichezea Misri, hakukivaa kabisa. Kwa wiki nzima vipindi vya redio vilichambua imani za watu wenye asili ya Afrika. Wimbo wa Chelsea haukupewa hata robo ya muda huo. Ukisikiliza vipindi vile ungedhani kizuizi cha soka la England kilishuka Heathrow na begi mgongoni.

Nyumbani Tanzania, utani wa Simba na Yanga haujawahi kuhitaji wimbo wa namna hiyo, na mwandishi, akiwa na hasira zake, alikaribia kuishia hapo. Ila ukweli ni kwamba kwetu swali halijafika jukwaani kwa kuwa sheria imeshalijibu: Tanzania ni kifungo hadi cha maisha, Kenya hadi miaka 14, na Uganda tangu 2023 imeongeza hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mchezaji wa Ligi Kuu Bara hawezi hata kuanza kufikiria kujitangaza. Haya.

Kwa wanawake hadithi ni nyingine kabisa. Katika Kombe la Dunia la 2019 kule Paris, Sweden walipowafunga Canada, Magdalena Eriksson alisogea jukwaani na kumbusu mpenzi wake Pernille Harder, nyota wa Denmark aliyekuwa amevaa jezi ya Sweden. Picha ikazunguka dunia. Eriksson alikuwa Chelsea. Mwaka uliofuata Harder akamfuata hapohapo, kwenye klabu ileile ambayo wanaume wake huimbiwa yale. Mashabiki waliendelea kuhesabu mabao ya Harder.

Binti wa mwandishi, wa miaka 14, ana bango la Harder ukutani, na ukimuuliza sababu atakueleza kuhusu mguso wake wa kwanza anapopokea mpira. Timu yake ina kamba zile tangu msimu uliopita na hakuna mzazi aliyetumiwa ujumbe. Kocha wao ni mwanamke, mke wake ndiye anayekata machungwa ya mapumziko na kuwapulizia magoti dawa ya baridi, na ni yeye anayekumbuka kuwa binti huyu hali tunda hilo, anamletea ndizi. Mdogo wake wa kiume alipolalamika mezani kwamba yeye aliulizwa na dada hakuulizwa, dada alimjibu kwamba kule kwao watu wako bize na mambo ya maana.

Mambo hayo ya maana ni haya: nani ana nafasi kwenye gari kwenda ugenini Coventry, kwa nini ada imepanda tena, na kwa nini mtoto wa katibu anacheza namba 10 kila wiki ilhali binti wa mwandishi, mwenye kushoto safi, anawekwa beki tatu. Juu ya hilo la mwisho, mwandishi ameshaandika ujumbe wa kuuliza, tena si kwa faragha. Kauweka kwenye kundi.