Je, Wajua? Storm wa X-Men Ni Binti wa Mama Mkenya

Je, wajua kuwa Storm, yule mwanamke wa X-Men mwenye nywele nyeupe anayeita radi na upepo, amezaliwa na mama Mkenya? Vitabu vya katuni vya Marvel vinamtaja mama huyo kwa jina la N'Daré, binti wa ukoo wa kifalme, aliyeolewa na David Munroe, mpiga picha za habari kutoka Harlem, New York. Mtoto wao wakamwita Ororo. Wengi walioitazama X-Men ya mwaka 2000 kwenye kibanda umiza walitoka bila kulijua hilo, kwa kuwa filamu yenyewe haikulisema. Kwangu mimi hakuna filamu ya kundi la mashujaa inayoipita hiyo. Lakini kwa Storm ina deni, na deni hilo halijalipwa mpaka leo.

Je, wajua kuwa X-Men ni wa mwaka 1963? Toleo la kwanza lilibeba tarehe ya Septemba mwaka huo, likiandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Jack Kirby, wote wawili wazaliwa wa New York, watoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Lee alitaka kitabu kiitwe The Mutants. Mchapishaji wake, Martin Goodman, alikataa, akisema wasomaji hawatajua mutanti ni kitu gani. Mutanti ni mtu aliyezaliwa na jeni tofauti, na uwezo wake hujitokeza anapokaribia utu uzima. Hakuumwa na buibui wala hakupata ajali maabara. Amezaliwa hivyo, basi, na majirani wanamchukia kwa hilo tu. Ndiyo maana hadithi hii inaeleweka popote pale watu walipowahi kubaguliwa.

Je, wajua kuwa kitabu hicho kilikaribia kufa? Kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 kilikuwa kikirudia hadithi za zamani tu, bila jipya. Kilichokiokoa ni toleo maalumu la mwaka 1975, kazi ya Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, lililoleta kikosi kipya kutoka pande zote za dunia: Wolverine wa Kanada, Nightcrawler wa Ujerumani, Colossus wa Urusi ya Kisovieti, na Storm, ambaye Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anamfuata Kenya na kumkuta akiabudiwa kama mungu wa mvua.

Mwaka uliofuata, katika toleo la 102, mwandishi Chris Claremont alisimulia utoto wa Storm. Familia ilikuwa imehamia Cairo. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, ndege iliangukia nyumba yao. Baba na mama walikufa, na Ororo akafukiwa kwenye kifusi pamoja na maiti ya mama yake. Tangu siku hiyo hawezi kuvumilia mahali palipofungwa. Alikulia mitaani, akifundishwa kuchomoa pochi za watu, mpaka siku aliposhika njia ya kusini kwa miguu kuelekea nchi ya mama yake. Msichana yatima anatembea kutoka Misri mpaka Afrika Mashariki: hiyo peke yake ni filamu nzima!

Kenya ya kwenye vitabu hivyo ni ya kubuni, na inaonekana wazi kuwa imechorwa na watu waliokaa mbali nayo. Lakini waita mvua si jambo la kubuni kwetu. Ukoo wa Nganyi wa Bunyore, magharibi mwa Kenya, unajulikana vizazi na vizazi kwa kusoma dalili za mvua kwenye miti, wadudu na upepo, na wazee wake wamewahi kukaa meza moja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya kulinganisha utabiri wao. Mwandishi wa filamu angetaka kumpa Storm asili yenye nyama, pa kuanzia palikuwepo.

Je, wajua kuwa filamu ya X-Men ya mwaka 2000 haianzi na shujaa? Inaanza Poland, mwaka 1944, mvua inanyesha. Wayahudi wenye nyota za njano kifuani wanaswagwa kwenye tope kuingia kambini. Mvulana anatenganishwa na baba na mama yake, lango la chuma linafungwa kati yao. Anapiga kelele, ananyoosha mikono. Askari wanamshika, wanamvuta nyuma, halafu wanajikuta wao ndio wanaoburutwa kwenye tope, na vyuma vya lango vinaanza kujikunja vyenyewe kumfuata mtoto. Askari mmoja anampiga kwa kitako cha bunduki. Mtoto anaanguka, vyuma vinatulia. Mvulana huyo ndiye atakayekuwa Magneto, adui wa filamu.

Rudia kuitazama sehemu hiyo. Sisi tuliokulia kwenye picha za steringi na adui tulizoea kwamba adui ni mbaya kwa sababu ni mbaya, na steringi hafi. Hapa tunamjua adui kabla hatujamjua steringi hata mmoja, na tunamjua akiwa mtoto anayelia. Kila anachofanya baadaye unakipinga ukiwa unaelewa kimetoka wapi. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa filamu hii haijachakaa, ingawa baadhi ya mapigano yake sasa yanaonekana mepesi.

Je, wajua kuwa historia hiyo ya Magneto haikuwemo katika toleo la mwaka 1963? Alianza kama jambazi wa kawaida wa katuni. Ni Claremont aliyemfanya manusura wa Auschwitz, katika hadithi iliyotoka mwaka 1981.

Je, wajua kuwa mwishoni, katika gereza la plastiki, Magneto anamwambia Xavier kwamba atapigana kwa njia yoyote itakayohitajika? Maneno hayo yanajulikana kuwa ya Malcolm X. Mashabiki wengi humfananisha Xavier na Martin Luther King na Magneto na Malcolm X. Mimi naona mfano huo unambana Malcolm, ambaye hakuwahi kupanga, kama Magneto, kuwageuza binadamu wengine kuwa mutanti kwa nguvu. Hata hivyo watengenezaji waliyaweka maneno hayo hapo wakijua wanachofanya. Na tazama walipopeleka pambano la mwisho: Sanamu ya Uhuru, jirani na kisiwa cha Ellis, walikopokewa mamilioni ya wahamiaji, siku viongozi wa dunia wamekutana hapo.

Je, wajua kuwa Hugh Jackman hakuwa chaguo la kwanza kuwa Wolverine? Nafasi ilikuwa ya Dougray Scott, Mskoti, aliyekwama kwenye upigaji wa Mission: Impossible 2. Jackman, Mwaustralia aliyekuwa ametoka kuimba jukwaani London katika Oklahoma!, aliingia wakati kamera zimeshaanza kazi. Wolverine wa vitabuni ana urefu wa sentimita 160 tu. Jackman ana zaidi ya 185. Mashabiki walinung'unika. Kisha wakamwona ndani ya gari lake, kwenye theluji ya Kanada, msichana Rogue anapomuuliza kama makucha ya mikononi mwake yanapotoka humuuma. Anautazama mkono wake, anajibu kwamba humuuma kila mara. Manung'uniko yakaisha.

Hapo pia ndipo mwongozaji Bryan Singer alipopatia. Filamu ina muda wa dakika 104 na watu zaidi ya kumi wa kutambulishwa, kila mmoja na jina lake na uwezo wake. Filamu nyingi za makundi hufa kwenye hesabu hiyo. Yeye alimchukua Rogue, msichana asiyeweza kumgusa mtu bila kumdhuru, na Wolverine, mwanamume asiyekumbuka maisha yake, akatuingiza nao shuleni kwa Xavier. Wanachoshangaa wao ndicho tunachoshangaa sisi. Waliobaki wanajulikana njiani.

Ya haraka haraka: filamu ilipigwa Toronto na maeneo ya jirani, na kasri la Casa Loma la mjini humo lilitumika kwa ndani ya shule ya Xavier. Rebecca Romijn, aliyecheza Mystique, alipakwa rangi ya buluu na kubandikwa vipande vya mpira kwa muda wa saa tisa hivi mwanzoni. Ray Park, Toad mwenye ulimi mrefu, ndiye Darth Maul wa Star Wars ya mwaka 1999. Anna Paquin, Rogue, alishinda Oscar akiwa na miaka 11. Mzee anayeuza soseji ufukweni seneta mmoja anapotoka majini uchi ni Stan Lee mwenyewe.

Je, wajua kuwa bajeti ilikuwa dola milioni 75 na mapato duniani kote yakakaribia milioni 300? Miaka mitatu kabla, Batman & Robin ilikuwa imechekwa mpaka studio zikaogopa mashujaa, na Marvel yenyewe iliwahi kuomba ulinzi wa mufilisi mwishoni mwa 1996. Haki itendeke: Blade ya Wesley Snipes, mwaka 1998, ndiyo iliyofungua mlango. X-Men ikaingia na kundi zima, na mwaka 2002 Spider-Man ikafuata. Miongoni mwa watayarishaji wasaidizi wa X-Men alikuwa kijana aitwaye Kevin Feige. Miaka 12 baadaye ndiye aliyeitayarisha The Avengers.

Turudi kwa Storm. Je, wajua kuwa Halle Berry, aliyemcheza Storm, alijaribu kumpa lafudhi ya Kenya katika filamu ya kwanza, na katika ya pili, mwaka 2003, lafudhi imetoweka bila maelezo? Watu huzungumzia sana hiyo lafudhi, na ile kauli yake kuhusu kinachompata chura anapopigwa na radi, kabla ya kumrusha Toad, iliyobaki kutoka kwenye rasimu ya mwandishi Joss Whedon. Mimi naona wanaangalia mahali pasipostahili. Kosa liko kwenye muswada. Wolverine ana jinamizi lake, Magneto ana kambi yake, Rogue ana mvulana aliyemzimisha kwa busu. Storm hana jana. Hatuambiwi Cairo, wala kifusi, wala mama.

Na bado Berry anatuonyesha kile ambacho angeweza kufanya. Seneta Kelly, aliyetaka mutanti wote waandikishwe, amegeuzwa na mashine ya Magneto na mwili wake unashindwa. Amelala kitandani, Storm yuko pembeni. Seneta anamwuliza kama anawachukia watu wa kawaida. Storm anakiri, wakati mwingine. Kwa nini? Nadhani nawaogopa, anajibu. Seneta anamshika mkono, na mkono huo unaanza kulegea, unalowa, mpaka mtu mzima anakuwa maji yanayomwagika sakafuni. Berry hapandishi sauti hata kidogo. Miaka miwili baadaye, Machi 2002, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu nyingine. Kipaji alikuwa nacho tangu hapo. Waandishi ndio hawakumpa kazi.

Je, wajua kuwa vitabuni Storm amewahi kuwa kiongozi wa X-Men? Mwaka 1986, katika toleo la 201, alipambana na mwenzake Cyclops kugombea uongozi wakati yeye mwenyewe hana uwezo wowote, amenyang'anywa mvua na upepo. Akamshinda. Mwaka 2006 aliolewa na T'Challa, Black Panther, mfalme wa Wakanda, ndoa iliyobatilishwa mwaka 2012. Kwenye sinema, miaka yote hiyo, kazi yake kubwa ilikuwa kuleta ukungu na kuendesha ndege. X-Men: Apocalypse ya mwaka 2016 angalau ilimwonyesha akiwa kijana mwizi wa mitaa ya Cairo, akichezwa na Alexandra Shipp, halafu ikamwacha asimame nyuma ya adui karibu muda wote.

Je, wajua kuwa tangu Machi 2019, Disney ilipoinunua studio iliyokuwa na haki za X-Men, mashujaa hao wamerudi mikononi mwa Marvel? Jackman alishavaa nguo ya njano ya vitabuni katika Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024, nguo ambayo filamu ya kwanza iliitania. Kwa Storm nataka ile safari ya miguu kutoka Cairo, ipigwe mahali penyewe, na N'Daré achezwe na mwigizaji kutoka Kenya, azungumze na bintiye kwa Kiswahili kabla ndege haijaanguka.