Kiungulia na Saratani ya Umio: Jeni Zatoa Tahadhari Mapema

Kiungulia ni adha inayofahamika katika kila nyumba. Mtu hula akashiba, akajilaza, na mara huhisi moto ukimpanda kifuani. Aghalabu hali hiyo hupita ikasahauliwa. Lakini kwa baadhi ya watu asidi ya tumbo hupanda kwa miaka mingi na kuunguza umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Hapo mwili hujihami: utando wa ndani wa umio hubadilika ukafanana na ule wa utumbo, unaostahimili asidi vizuri zaidi.

Hali hiyo huitwa umio wa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari mpasuaji wa London aliyeiandika mwaka 1950. Mabadiliko hayo si saratani, ila ni udongo ambamo saratani yaweza kuota.

Wengi hawaipati

Swali ni nani ataipata. Uchunguzi wa Denmark uliotangazwa mwaka 2011, wa wagonjwa 11,028, ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 1,000, takriban mmoja tu hupata saratani kwa mwaka. Hata hivyo wagonjwa hawa hutakiwa kurudi hospitali kila baada ya miaka michache, wamezeshwe mpira mwembamba wenye kamera na kunyofolewa vinyama vya kupimwa kwa hadubini. Hadubini huonyesha umbo la chembe hai. Na umbo linapoanza kuharibika, hata mabingwa wakati mwingine hutofautiana juu ya wanachokiona. Hivyo wengi hubeba hofu isiyo yao, na wachache walio hatarini huweza kuchelewa kutambuliwa.

Kitabu cha urithi

Ndipo wataalamu walipogeukia jeni, yaani chembe za urithi. Kwa kawaida kila chembe hai ya mwili hubeba kromosomu 46, ambazo ni kama kitabu cha urithi wetu. Katika chembe inayoelekea kuwa saratani, kitabu hicho huchanika: kurasa nyingine hupotea, nyingine hujirudia. Jeni iitwayo TP53, iliyo katika kromosomu ya 17, ni mlinzi anayeizuia chembe iliyoharibika isigawanyike. Mlinzi huyo akianguka, makosa hulimbikizana.

Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, akiwemo Dakta Rebecca Fitzgerald, walitangaza matokeo ya kupima sampuli 777 za wagonjwa 88, zilizokusanywa kwa muda wa hadi miaka 15. Hawakusoma kila herufi ya kitabu; walihesabu kurasa tu, njia iliyo nafuu zaidi. Waliona kwamba dalili za kuchanika zaweza kuonekana hata miaka 10 kabla ya saratani yenyewe.

Faida yake ni mbili. Aliye hatarini huweza kuunguzwa mapema sehemu iliyobadilika, kwa kifaa kipitishwacho katika mpira ule ule, bila kukatwa umio. Asiye hatarini hupunguziwa safari za hospitali na usiku wa wasiwasi. Hata hivyo kipimo hicho si hukumu: hueleza uzito wa hatari, hakitaji siku ya ugonjwa.

Na sisi je?

Msomaji asidhani kwamba kipimo hicho chatutosha sisi. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, una saratani nyingi ya umio, lakini iliyo nyingi kwetu ni aina nyingine, itokanayo na chembe bapa za utando wa kawaida wa umio. Hiyo haianzi na umio wa Barrett. Huhusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi yamkini husababisha saratani. Dalili zake za awali daktari huzitafuta kwa kupaka umio iodini: penye afya huwa hudhurungi, penye kasoro hubaki peupe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chai na ipoe kidogo kabla ya kunywewa, na sigara iachwe. Mwenye kiungulia cha muda mrefu, na hasa anayekwamwa na chakula au kukonda bila sababu, asiridhike na magadi na dawa za dukani. Aende hospitali angali na nafasi ya kutibiwa.