Springi ya mlango wa gereji ikikatika, ogopa ile nzima

Mlio ulikuwa kama wa risasi. Mama mwenye nyumba alitoka mbio akidhani ni majambazi, kumbe ni springi ya mlango wa gereji imekatika. Wakati huo nilikuwa mtu wa mkono wa fundi fulani. Tulipofika, alipanda ngazi na kuingiza bisibisi kwenye tundu la springi ya pili, iliyokuwa bado nzima. Kulegeza skrubu tu, bisibisi ilimponyoka, ikapita kando ya sikio langu na kuchoma dari. Mazee, tulinyamaza wote.

Iliyokatika haina nguvu tena. Hatari iko kwa mwenzake, kwa sababu mlango ukiwa umefungwa springi hukaa imesokotwa kabisa. Nguvu hiyo ndiyo humfanya mtu ainue mlango mzito kwa mkono mmoja akidhani ni mwepesi.

Kwa hivyo usijaribu kuufungua. Kama una mota, ichomoe kwenye soketi. Gari likiwa ndani, basi siku hiyo panda matatu.

Kazi yenyewe haitaki bisibisi. Inataka vyuma viwili vya mviringo vinavyoingia barabara kwenye matundu ya ile koni ya mwisho wa springi. Kimoja kinashikilia, kingine kinaingia tundu linalofuata, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Mlango wa futi 7 kwa kawaida huchukua kama robo 30, na hapo ndipo watu huchoka wakaanza kuharakisha. Simama kando, uso usielekee koni, na mlango ubanwe kwenye reli usije ukaruka juu.

Badilisha zote mbili. Springi ya kawaida hutengenezwa kuhimili kufungua na kufunga mara 10,000 hivi, na hizo mbili zilianza kazi siku moja. Najua bei inauma. Pia usinunue kwa macho: pima urefu wa mizunguko 20 ya waya, gawanya kwa 20 upate unene wake, kisha pima upana wa ndani na urefu wa springi nzima.

Ukimwita fundi, mwambie akuonyeshe vile vyuma kabla hajapanda ngazi. Akitoa bisibisi, mlipe nauli arudi kwake.

Yule wangu bado tunasalimiana. Siku hizi anatembea na vyuma viwili, alivyokatiwa na jamaa wa jua kali.