Sheria 5 za boli ambazo wasee wengi hukosea

Kila wikendi ni stori moja. Mkeka wako umebakisha gemu moja tu, refa anapuliza filimbi na base nzima inasimama: "Huyu amekula hongo!" Mara nyingi hajakula kitu. Ni sisi hatujui sheria. Na hiyo kutojua huumiza watu, juu kuna marefa wa mtaani hukimbizwa na mawe kwa sababu ya goli walilokataa vizuri kabisa.

Cheki hizi tano.

1. "Amegusa boli kwanza, hiyo si faulo"
Zii. Hakuna sheria inasema hivyo. Refa anaangalia vile umeingia. Ukigusa boli alafu njumu ziishie kwa kifundo cha mwenzako, ni faulo, na inaweza kuwa nyekundu.

2. "Beki wa mwisho lazima alambe red"
Refa hapimi nani alikuwa wa mwisho. Anapima umbali wa goli, mchezo unaelekea wapi, kama straika angeupata mpira, na mabeki wengine walikuwa wapi na wangapi. Tena tangu 2016, kama ni ndani ya boksi na beki alikuwa anajaribu kucheza boli, penalti inapeanwa lakini kadi inashuka kuwa ya njano.

3. "Ofsaidi ni ofsaidi popote"
Mpira wa kurusha, kona na mpira wa goli hazina ofsaidi. Ukiwa nusu yenu pia huna. Na kusimama tu mahali pa ofsaidi si kosa, kosa ni kuingilia mchezo.

4. "Imegusa mkono, penalti!"
Ilikuwa makusudi? Mkono ulikuwa umetanuka bila sababu? Kama ni hapana, gemu inaendelea. Lakini ukifunga na mkono, hata kwa bahati mbaya, hakuna goli.

5. "Boli ilikuwa imetoka"
Hii iliwahi kurudisha nchi nzima home. Ilikuwa Kombe la Dunia, Qatar, 1 Desemba 2022. Kaoru Mitoma alifukuza mpira hadi kwa laini ya mwisho, akaurudisha ndani, Ao Tanaka akafunga. Kwa TV ulionekana uko nje. VAR ikasema hapana: lazima boli yote ivuke laini yote, na ukiangalia kutoka hewani, kipande chake kilikuwa bado kimefunika laini.

Japani 2, Uhispania 1. Usiku huo huo Ujerumani ilichapa Costa Rica 4-2 na bado ikaenda nyumbani. Hiyo gemu ingeisha 1-1, Ujerumani ingepita. Kipande kidogo cha boli, basi.

Kwa hivyo kabla uite refa mwizi, jiulize kwanza: mimi mwenyewe hii sheria naijua? Mkeka utachanika vile vile, lakini angalau utajua umechanwa na nini.