Damu haisahau, na bima inaijua siri hiyo

“Wa sukari nani? Majibu tayari!”

Sauti ilitoka dirisha la maabara, na benchi zima likageuka. Mama mmoja alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Akasubiri watu warudi kwenye simu zao, ndipo akainuka taratibu kuichukua karatasi. Daktari wake alikuwa hajayaona majibu hayo, lakini sisi tulioketi pale tulishayajua. Kuita namba badala ya ugonjwa hakugharimu hata shilingi.

Kuna safari ndefu zaidi ambayo majibu husafiri bila kelele. “Mama, weka sahihi hapa.” “Nasaini nini, mwanangu?” “Ya bima tu, mama.” Kwenye fomu hiyo ya madai kuna jina, namba ya kadi, vipimo, dawa na ugonjwa, mara nyingi ukiwa umeandikwa kwa msimbo wa Shirika la Afya Duniani. E11 ni kisukari aina ya pili, I10 ni shinikizo la damu, D57 ni selimundu. Aliyeizoea orodha hiyo huisoma kama sisi tunavyosoma vichwa vya habari.

Damu yenyewe nayo ina kumbukumbu. Sukari inapozidi mwilini, hung’ang’ania himoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hiyo huishi takriban siku 120. Ndiyo maana kipimo cha HbA1c hakijali kama umefunga tangu jana au umekunywa soda njiani; hutoa wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kuanzia asilimia 6.5 huhesabiwa kuwa kisukari. Aliyekata bima wiki tatu zilizopita akakutwa na asilimia 11 hahitaji kutolewa ushahidi: ugonjwa uliitangulia kadi. (Mwenye selimundu asikiamini sana kipimo hiki. Chembe zake hufa mapema, hivyo majibu yanaweza kuonyesha sukari ndogo kuliko iliyopo.)

Kwa nini bima ijali nani alitangulia? Si roho mbaya tu. Tunaikumbuka Toto Afya Kadi, bima ya watoto hapa Tanzania. Mzazi alilipa Sh50,400 mtoto akatibiwa mwaka mzima, na wengi walikimbilia kumsajili mtoto akiwa tayari mgonjwa. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule. Siwalaumu wazazi, nani hutoa fedha za hospitali mtoto akiwa anacheza mpira? Ila mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao hauwezi kudumu, na hesabu hiyo haihitaji shahada.

Kampuni binafsi hujikinga kwa njia zake: swali la “umewahi kuugua nini?”, kipindi cha kusubiri, ada ya juu, au ugonjwa wako kuachwa nje ya mkataba. Hapo ndipo hofu inapozaliwa. Mtu huogopa kupima kwa sababu jibu litaandikwa mahali. Mwingine huficha kadi, akaenda kupima mbali kwa fedha taslimu. Anadhani amejiokoa, kumbe presha isiyojulikana inaendelea kupanda hadi siku ya kiharusi, na siku hiyo gharama haimwachi mtu yeyote salama, wala hiyo bima.

Wamarekani waliishi na hofu hiyo miaka mingi. Sheria yao ya mwaka 2008 ilizuia bima ya afya kumbagua mtu kwa vipimo vya vinasaba, ingawa bima ya maisha haikuguswa. Kisha sheria iliyosainiwa na Rais Barack Obama mwaka 2010 ikaenda mbali zaidi: tangu Januari 1, 2014, kampuni haziruhusiwi kumkataa mtu au kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa. Siri ya kipimo hulindwa vizuri zaidi pale ambapo jibu haliwezi kutumika kukunyima kadi.

Tanzania tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo maana yake ni kumwingiza mzima na mgonjwa katika mfuko kabla homa haijabisha hodi. Ikitekelezwa nusunusu, yale ya Toto Afya Kadi yatajirudia kwa watu wazima. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayoziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na Tume yake hupokea malalamiko. Yule mama wa benchini angeweza kulalamika. Sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia.

Wewe unayejaza fomu ya kuomba bima, usidanganye. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeomba, na uongo ukigundulika madai yako yanaweza kukataliwa ukiwa tayari kitandani. Na fomu ya madai usiisaini kabla ya kuusoma mstari wa ugonjwa. Muulize daktari ule msimbo maana yake nini. Ukikuta umeandikiwa ugonjwa usio wako, urekebishwe palepale, maana siku ukihamia kampuni nyingine utahesabiwa kuwa uliingia nao.