Biblia ya Kusikia na Biblia ya Kusoma

Katika uhakiki wetu hapa chuoni, mimi naona Biblia inanukuliwa kuliko inavyosomwa. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189, lakini wengi wetu tunazijua zile za mimbarini tu: Zaburi ya 23, Yohana 3, basi. Athari yake ni nini? Chukua *Shetani Msalabani* ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwenye karamu ya wezi, mfano wa talanta unasimuliwa upya. Katika Mathayo 25 mtumwa wa tatu anaogopa. Kwa Ngũgĩ anamkabili bwana wake waziwazi. Asiyeisoma sura ile ataandika "dhamira ni unyonyaji", afunge daftari, na kejeli yote imempita. Jamani, ni mistari 17 tu! Tusome kwanza, ndipo tuhakiki.