Mshumaa mmoja, mtu mmoja, siku moja

Februari 1997, kituo cha anga za juu cha Urusi, Mir, kilikuwa na wageni. Kwa kawaida wanaanga 3 waliishi humo; sasa walikuwa 6. Mtambo wa Elektron, unaotenganisha oksijeni na maji kwa umeme, ulitosha watu 3. Waliozidi walipumua kwa msaada wa "mishumaa": mikebe ya kemikali iitwayo Vika, mmoja kwa kila mtu kwa siku.

Kwa nini mmoja? Mtu aliyetulia hutumia takriban robo lita ya oksijeni kwa dakika, yaani lita 360 kwa saa 24. Lakini hakuna anayeshinda amelala. Ukijumlisha kazi na mazoezi, hesabu hufika lita 600 hivi, uzito wa gramu 840. Mkebe mmoja wa Vika hutoa karibu kiasi hichohicho.

Siri iko kwenye chumvi iliyomo, lithiamu pakloreti, ambayo asilimia 60 ya uzito wake ni oksijeni. Ikipashwa moto huiachia. Basi gawanya 840 kwa 0.6: mtu mmoja anahitaji kilo 1.4 za chumvi hiyo kwa siku. Sodiamu kloreti, inayotumika katika barakoa za dharura za ndege nyingi za abiria, ina asilimia 45 tu. Hapo utahitaji karibu kilo 1.9.

Hiyo ndiyo nusu nyepesi ya hesabu. Chukua chumba cha mita za ujazo 10 kilichozibwa kabisa, chenye mtu mmoja aliyetulia. Mna lita 2,100 za oksijeni. Kila saa anatumia lita 15 na kutoa lita 12 za hewa ukaa. Baada ya saa 42, hewa ukaa imefika asilimia 5: anahema, kichwa kinamgonga, akili inaanza kuvurugika. Oksijeni je? Asilimia 70 ya ile ya mwanzo bado ipo. Kumwashia mshumaa hakutamwokoa, kwa sababu mshumaa huongeza oksijeni bila kuondoa hewa ukaa. Anahitaji pia kemikali ya kuinyonya, kama lithiamu haidroksaidi.

Kuna kemikali inayofanya kazi zote mbili: potasiamu supaoksaidi, iliyomo katika vifaa vya kujiokolea vya wachimbaji migodini. Hunyonya unyevu na hewa ukaa ya pumzi, ikarudisha oksijeni. Ila ikikutana na maji mengi au mafuta, hulipuka moto.

Moto ndio mstari wa mwisho wa hesabu hii. Februari 23, mshumaa mmoja ndani ya Mir ulitoa ndimi za moto. Moshi ulijaa, na njia ya kufikia chombo kimoja kati ya viwili vya kutorokea ikafungwa. Wote 6 walinusurika, lakini walikuwa wamepambana na moto usioweza kunyimwa hewa: hewa yake ilikuwa ndani ya mkebe.